Masika Hayasubiri Jembe: Ushauri kwa Mwenye Bustani ya Mboga Tanga na Pwani Yake

Ukitaka kujua ni nani mtaani kwako atakayekula mboga ya ua wake mwezi Aprili, mtazame anafanya nini Februari. Mvua ya kwanza ya masika ikishanyesha, Tanga nzima hushika jembe. Lakini atakayechuma mapema ni yule aliyechimbua, akatia samadi na kutafuta mbegu wakati jua la kaskazi bado linachoma. Anayengoja mvua ndipo aanze hulima kwenye tope, hupanda kwenye udongo mchovu, na Mei inapofika magugu yamemfika kiunoni.

Ushauri huu ni wa mwenye kiwanja kidogo: ua wa nyumba ya Ngamiani, kipande cha nyuma ya nyumba Kange au Pongwe, uwanja wa mchanga kule Pangani au Mkinga. Huhitaji ekari. Matuta manne ya mita moja kwa mita tatu, yakitunzwa, hupunguza sana safari za Mgandini kununua mafungu ya mchicha. Linalohitajika ni kuzingatia jambo ambalo wengi hulipuuza: hapa Pwani kila mboga ina wakati wake ndani ya mwaka, na masika, pamoja na baraka zake zote, si wakati wa kila kitu.

Kalenda yetu ni ya pepo na mvua

Maelekezo mengi ya bustani yameandikwa kwa ajili ya nchi zenye baridi kali, ambako mkulima hungoja ardhi ipate joto ndipo apande. Kwetu joto lipo mwaka mzima. Kinachoamua ni maji, na baada ya maji, ubaridi wa usiku.

Kaskazi huvuma takribani Desemba hadi Machi, na miezi ya mwisho huwa mikavu na ya joto kali. Masika huingia katikati ya Machi na kuendelea hadi Mei. Aprili na Mei ndiyo miezi inayomwaga maji mengi. Kisha huja kipupwe, Juni hadi Agosti, kusi ikivuma, usiku ukipoa, na manyunyu yakidondoka hapa na pale. Oktoba hadi Desemba hurudi mvua za vuli, ambazo ni nafasi ya pili kwa aliyekosa masika.

Wazee wa Pwani walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi na kuugawa kwa siku kumi kumi, kila kumi ikiitwa mwongo. Kwa miongo hiyo nahodha alijua lini asafiri na mkulima alijua lini apande. Leo tunayo pia Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutoa mwelekeo wa mvua za masika kabla ya msimu kuanza. Usikilize. Ukiambiwa mvua zitachelewa, chelewesha mbegu, lakini usicheleweshe jembe.

Februari: ujue udongo ulio nao

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza mkonge nchini, na miche michache iliyonusurika safari ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mmea huo ulistawi mpaka mkoa mzima ukajulikana kwa jina lake, kwa sababu huvumilia ukame na udongo wenye chokaa. Mchicha hauna uvumilivu huo. Kwa hiyo usijipe moyo kwamba ardhi iliyotajirisha mashamba ya mkonge itakulelea na bustani bila kusaidiwa.

Chukua konzi ya udongo ulioloa kidogo, uufinye. Ukivunjika mara tu unapofungua kiganja, una kichanga. Ukishikamana na kunata vidoleni, una mfinyanzi. Ukishikamana kisha ukameguka unapoubonyeza kwa kidole gumba, una tifutifu, na umebahatika. Baada ya hapo chimba shimo la kina cha sentimita 30, ulijaze maji, liache likauke, ulijaze tena. Maji ya mara ya pili yakizama kwa dakika chache, udongo hauwezi kuweka akiba. Yakikaa hadi kesho yake, mizizi itaoza masika yakipamba moto.

Karibu na bahari wengi tuna kichanga, na shida yake ni kwamba maji na mbolea hupita na kwenda zao. Dawa ni vitu vilivyooza, tena kwa wingi: debe moja la samadi iliyokomaa au mboji kwa kila mita mbili za mraba, ichanganywe na udongo hadi kina cha sentimita 20 au 25. Pwani tuna msaada mwingine ambao wa bara hana, nao ni makumbi ya nazi. Yaloweke, uyapange chini ya tuta kabla ya kurudishia udongo, nayo yatashika maji kama sifongo hata mvua inapokatika wiki nzima.

Sehemu nyingine, kama ukanda wa Amboni na vijiji vya ufukweni, udongo ni mwembamba juu ya mawe ya chokaa au ya matumbawe. Usipoteze nguvu kuchimba mwamba. Panga mawe yenyewe yawe kingo, jaza udongo na mboji hadi kimo cha sentimita 30, upande juu yake. Hapo jihadhari na majivu ya jikoni, ambayo watu hupenda kuyamwaga bustanini. Udongo wa chokaa tayari una ualkali mwingi, na majivu huuzidisha; mmea hushindwa kupata madini ya chuma, majani machanga yakawa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ukiona dalili hiyo, acha majivu na uongeze mboji.

Mwenye mfinyanzi ainue matuta na kuacha njia za kupitisha maji katikati. Asilime udongo ukiwa umeloa chepechepe, maana utakauka kuwa matofali.

Samadi na mboji

Samadi mbichi huunguza miche na huleta mbegu za magugu. Ya ng'ombe na mbuzi iachwe ioze angalau miezi miwili au mitatu. Ya kuku ni kali zaidi. Hiyo tumia kidogo, tena iliyokwisha kupoa kabisa. Kama hujaanza lundo la mboji, lianze leo kwa ajili ya kipupwe: tabaka la majani makavu, tabaka la mabichi na maganda ya jikoni, koleo moja la samadi au udongo juu, maji ya kutosha kulilowesha bila kutiririka. Ligeuze kila baada ya wiki mbili. Kwa joto letu, miezi miwili hadi mitatu hutosha. Mabaki ya nyama na samaki yasiingie, utaita panya na paka wa mtaa mzima.

Mwani unaotupwa ufukweni nao ni mbolea nzuri, ila una chumvi. Uanike mahali utakaponyeshewa au uusuuze kwa maji baridi, ndipo uutie kwenye lundo.

Mbegu: ya dukani na ya jirani

Unaponunua dukani, soma tarehe ya mwisho wa matumizi na utafute lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Pakiti iliyoning'inizwa juani mlangoni mwa duka iache hapo hapo. Mbegu za zamani zijaribu kabla ya kuziamini: funga kumi katika kitambaa kilicholoa, baada ya siku chache hesabu zilizochipua. Zikiwa chini ya sita, panda kwa wingi zaidi au nunua nyingine.

Mchicha, kunde, bamia na nyanya chungu za kienyeji unaweza kujiwekea mbegu mwenyewe mwaka hadi mwaka. Mbegu chotara usijiwekee. Kizazi cha pili hakitafanana na mama yake. Matembele na kisamvu hazihitaji duka hata kidogo. Ni za kuomba kwa jirani, na jirani wa Tanga hanyimi kipande cha shina la matembele.

Machi na Aprili: mboga zinazopenda masika

Mvua za kwanza zikishalowesha udongo hadi kina cha kiganja, na si vumbi la juu tu, anza na hizi.

Mchicha. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo changanya kijiko kimoja na konzi mbili za mchanga mkavu ili zisambae sawasawa. Chora mistari iliyoachana sentimita 20, mwaga, funika kwa udongo mwembamba tu. Baada ya wiki mbili punguza iliyobanana. Ile unayoing'oa ndiyo mboga ya kwanza. Kati ya wiki ya tatu na ya nne unachuma kwa dhati. Usipande tuta zima siku moja. Panda robo tuta kila baada ya siku kumi, na sufuria haitakosa.

Matembele. Kata vipande vya urefu wa sentimita 25 hadi 30, fukia theluthi mbili, acha theluthi nje. Ukichuma ncha za juu mara kwa mara, huchipua zaidi. Mvua ikikatika hunusurika kuliko mboga nyingi.

Kunde. Panda mbegu mbili kila shimo, sentimita 20 kati ya mashimo. Majani machanga huliwa baada ya wiki tatu au nne, na mizizi huongeza naitrojeni ardhini kwa ajili ya mboga itakayofuata.

Bamia. Loweka mbegu usiku mmoja. Nafasi ni sentimita 30 kati ya mashina na 60 kati ya mistari. Hutoa matunda kama miezi miwili baada ya kupandwa, na ukianza kuchuma ni lazima uchume kila baada ya siku mbili, vinginevyo yanakomaa na kuwa kuni.

Nyanya chungu, bilinganya na pilipili mbuzi. Hizi zikae kitaluni kuanzia mwishoni mwa Februari, zihamishiwe kwenye matuta yaliyoinuliwa mwezi Aprili. Zikishika mizizi huzaa miezi mingi.

Kisamvu. Kwa bustani ya nyumbani chagua kisamvu cha mpira. Mti huo ulipandwa mkoani hapa wakati wa Wajerumani kwa ajili ya utomvu wa mpira, na soko lake lilipoanguka mwaka 1913, wenyeji walibaki na majani. Shina moja au mawili kwenye kona ya ua hulisha familia miaka. Kumbuka tu kwamba majani ya kila aina ya kisamvu yana sumu yanapokuwa mabichi: yatwangwe na kuchemshwa vizuri kabla ya kuungwa nazi.

Mlonge. Upande ukutani au uwe ua wenyewe. Ukate ukifika kimo cha mita moja na nusu ili majani yasiishie juu mikono isikofika.

Maboga yape pembe yake, yatambae yatakako. Majani yake nayo ni mboga, hivyo utavuna mara mbili.

Kabichi na karoti? Hizo ziachie Lushoto, ambako milima ya Usambara inazipa ubaridi wa kutosha. Lori linaloshuka Mombo litakuletea nzuri kuliko zile utakazohangaika nazo Chumbageni.

Nyanya zisubiri kipupwe

Hapa ndipo wengi hukatishwa tamaa. Wanapanda nyanya Machi pamoja na mchicha, zinakua vizuri, halafu Mei zinageuka nyeusi. Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni unyevu: majani yakilala yameloa siku baada ya siku, bakajani huenea, na udongo uliojaa maji hueneza mnyauko unaoua shina likiwa bado kijani. Ya pili ni joto la usiku. Usiku ukibaki na joto la nyuzi 24 au zaidi, maua mengi ya nyanya hudondoka bila kushika tunda. Ndiyo maana hata mwenye maji ya bomba hapati kitu cha maana Februari.

Kwa hiyo mwaga mbegu za nyanya kitaluni katikati ya Mei, chini ya kichanja cha makuti kinachozuia matone mazito. Baada ya wiki nne miche ina majani manne au matano ya kweli. Wiki ya mwisho punguza maji na uondoe makuti kidogo kidogo ili miche izoee jua. Ihamishe jioni, sentimita 50 kati ya miche na 75 kati ya mistari, uifukie hadi karibu na majani ya kwanza kwa sababu shina la nyanya hutoa mizizi. Ichomekee mti kila mmoja siku hiyo hiyo, usije ukaikata mizizi baadaye. Ondoa majani yanayogusa udongo, na mwagilia shinani, si majani. Utaanza kula Agosti au Septemba.

Kama udongo wako ni kichanga na huko nyuma umeona mizizi yenye vinundu, hiyo ni minyoo fundo. Ulizia Tengeru 97, aina iliyotolewa nchini mwaka 1997, yenye ustahimilivu dhidi ya minyoo hiyo. Tena usipande nyanya mahali palipotoka bilinganya, pilipili, nyanya chungu au mnavu. Hizo zote ni ukoo mmoja, na magonjwa yao ni ya kurithishana. Nyanya ifuate kunde, mchicha au mahindi.

Maji, na chumvi ndani yake

Masika yanapoisha, tuta la mita tatu za mraba huhitaji takribani lita 15 kwa siku kwenye jua kali, nusu yake wakati wa kipupwe. Mwagilia asubuhi mapema au jioni, maji yazame. Maji kidogo ya juujuu kila saa huifundisha mizizi kukaa juu, ambako jua litaiunguza. Kisha tandaza nyasi kavu, makuti yaliyochakaa au makapi ya mpunga unene wa sentimita 5 kuzunguka mimea, bila kugusa mashina. Matandazo huokoa maji mengi, na mwezi wa mvua huzuia tope kurukia majani.

Visima vingi vya ufukweni vina maji ya chumvi, na katika sehemu za chini za Mto Pangani maji ya bahari hupanda mtoni mvua zinapopungua. Onja kabla ya kumwagilia. Maji yakiwa na ladha ya chumvi, yatumie kwa minazi na uyaache mbali na kunde na pilipili. Ukiona ncha za majani zimeungua na utando mweupe juu ya udongo, chumvi imeshajikusanya. Mvua kubwa za masika ndizo zitakazoisafisha, mradi tuta linapitisha maji.

Dawa ya kudumu iko juu ya kichwa chako. Kila milimita moja ya mvua inayoanguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 50 za mraba, kwa mvua ya milimita 20 tu, hukupa hadi lita 1,000. Weka mfereji na pipa au simtangi, na ufunike vizuri, kwa sababu maji ya wazi ni kitalu cha mbu. Maji ya mtaro wa barabarani yasiguse mboga za majani kabisa.

Wadudu, mbuzi na upepo

Adui wa kwanza wa bustani ya Tanga ana miguu minne. Zungushia uzio kabla ya kupanda: miti ya mkonge, fito, wavu wa zamani wa kuvulia. Wanaokaa Raskazone, Sahare na kwingine mkabala na bahari waongeze ukuta wa makuti upande wa kusi, kwa sababu upepo huo hubeba chumvi.

Vidukari na inzi weupe huanza kukusanyika chini ya majani. Kagua kila asubuhi unapomwagilia, uwafute kwa mkono wangali wachache. Wakizidi, twanga nusu kilo ya majani mabichi ya mwarobaini, loweka kwenye lita tano za maji usiku kucha, chuja, ongeza kijiko cha sabuni ya maji, nyunyiza jioni. Rudia baada ya wiki. Konokono wa masika wafuate usiku na tochi na ndoo.

Kwenye nyanya, mdudu wa kuogopwa ni kantangaze, aliyeripotiwa nchini mwaka 2014. Viwavi wake huchimba ndani ya majani na kuacha mabaka kama karatasi iliyoungua, kisha huingia kwenye tunda. Chuma majani hayo, yafunge kwenye mfuko mweusi uachwe juani. Usiyatupe kwenye mboji. Ukilazimika kutumia dawa ya dukani, soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna na uziheshimu. Mboga hii inaliwa na wanao.

Asiye na ardhi

Mpangaji mwenye baraza tu atumie viroba. Toboa matundu chini, weka vipande vya makumbi, jaza mchanganyiko wa sehemu mbili za udongo, moja ya mboji na moja ya mchanga. Kiroba cha kilo 50 hubeba shina moja la nyanya, au mashina matatu ya pilipili, au mchicha wa mlo mmoja kwa wiki. Pachague panapopata jua saa sita kwa siku, na ujue kwamba kiroba hukauka haraka kuliko tuta.

Kazi za wiki hii

Pima udongo na uchimbe shimo la majaribio. Agiza samadi kabla bei haijapanda. Jenga tuta moja tu, uliboreshe hadi likuridhishe, kisha la pili. Weka uzio. Mwaga kitaluni nyanya chungu na pilipili. Nunua daftari, uandike tarehe ya mvua ya kwanza, tarehe ya kila mbegu na siku uliyochuma. Mtaa wa Makorora haunyeshewi sawasawa na Muheza, wala ua wako si sawa na wa jirani. Baada ya masika mawili daftari hilo litakuelekeza vizuri kuliko makala yoyote, hii ikiwemo.